Kupimwa Kumbukumbu na Kasi ya Fikra kwa Mwenye MS: Maoni Yangu Kuhusu Huduma ya Kliniki Moja Jijini Tanga

Huduma ninayoitolea maoni ni upimaji wa uwezo wa kufikiri, kuzingatia na kukumbuka, unaofanywa na mtaalamu wa saikolojia tiba katika kliniki binafsi moja iliyopo Chumbageni, jijini Tanga. Niliifuata kwa sababu nina ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambao sisi wagonjwa pamoja na madaktari wetu tumezoea kuuita MS, na kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa na swali ambalo picha za ubongo zinazopigwa kwa mashine ya MRI hazikuweza kunijibu, nalo ni kama akili yangu inaniacha taratibu. Ninawashauri wenye ugonjwa huu waitafute huduma ya namna hii popote watakapoipata, na nitaeleza kwa kirefu sababu zangu, kwani nilikwenda kuuliza habari za kumbukumbu nikarudi na jambo ninalolithamini zaidi, yaani utulivu wa moyo.

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe, MS hutokea pale kinga ya mwili inapoushambulia utando wa mailini unaofunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Utando huo ukichubuka, ujumbe unaopita kwenye neva huchelewa au hukatika njiani. Duniani wanakadiriwa kuwapo wagonjwa zaidi ya milioni 2.8, wengi wao wanawake, na wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, ingawa katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu ugonjwa huu ni haba, na ndiyo maana hata watu waliosoma huku kwetu huusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeueleza kwa kina mwaka 1868, alikwisha kuona kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake hudhoofika na mawazo yao hujengeka polepole. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne nzima baada yake, macho ya tiba yalielekea zaidi kwenye miguu, macho na kibofu. Siku hizi inakubalika kwamba kati ya asilimia 40 na 65 ya wenye MS hupata matatizo ya fikra ya kiwango fulani, na kwamba matatizo hayo yanaweza kuanza mapema, hata kwa mtu anayetembea vizuri bila fimbo.

Kazi yangu ni kutoa dawa katika duka moja la dawa huku Ngamiani, na kazi hiyo haina nafasi ya kubahatisha. Jioni, watu wanapotoka kazini na dirisha likijaa, mmoja ananipa cheti chake, mwingine anauliza bei ya dawa ya kikohozi cha mtoto, simu inaita, nami nimesimama na boksi la dawa mkononi nikijaribu kukumbuka nilikuwa nimefikia wapi. Nilianza kusoma kila cheti na kukirudia tena na tena kabla ya kuandika maelekezo kwenye bahasha, na usiku nilikuwa nikilala huku nikizipitia kichwani dawa zote nilizozitoa mchana, nikiogopa kwamba nimempa mtu dozi isiyo yake. Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu hali yangu. Mama mkwe, ambaye ananipenda sana, aliamini kuwa nimechezewa. Mwajiri wangu alisema nimezembea. Mume wangu alinyamaza, na ukimya wake niliusoma kuwa amekata tamaa. Nami, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa inanibeba, sikuona pa kuupeleka udhaifu ule zaidi ya kwenye tabia yangu mwenyewe.

Kupata miadi hakukuwa na usumbufu. Unapiga simu, unaulizwa kama una majibu ya MRI na barua ya daktari, kisha unapangiwa siku. Picha zangu nilipigwa Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 350 kutoka hapa, na wagonjwa wengi wa mkoa huu hulazimika kuufunga safari hiyo hiyo. Kwa hiyo kuipata hatua hii moja ndani ya Tanga ni jambo kubwa. Kasoro nitakayoitaja mapema ni kwamba chumba cha mtaalamu kiko ghorofani na jengo halina lifti. Kwa huduma inayowapokea watu ambao miguu yao inaweza kugoma bila taarifa, ngazi zile si jambo dogo, na nilimwona mzee mmoja akisaidiwa na kijana wake kuzipanda kwa shida kubwa. Mhudumu wa mapokezi alisema kwamba ukieleza mapema utapewa chumba cha chini. Jambo hilo lingepaswa kusemwa kwenye simu bila mgonjwa kuuliza.

Lililonionesha kwamba mtaalamu yule anaujua ugonjwa wetu ni saa aliyonipangia. Aliniweka saa mbili asubuhi, kabla jua la Tanga halijakolea, katika chumba chenye kiyoyozi, na akasisitiza nisiende kwa miguu. Joto la mwili likipanda hata kidogo, neva zilizochubuka hupitisha ujumbe kwa shida zaidi, hali ambayo daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliieleza mwaka 1890 alipoona wagonjwa wakipungukiwa na nguvu za kuona baada ya kufanya mazoezi. Sisi tunaoishi katika mji wa pwani wenye joto la mwezi Februari tunaijua hali hiyo hata kama hatukuwahi kusikia jina la Uhthoff. Mgonjwa wa MS anayepimwa saa nane mchana katika chumba chenye fukuto atapata majibu mabaya kuliko uwezo wake wa kweli, na majibu hayo atakwenda kuyalilia nyumbani.

Kabla ya kipimo chochote tulizungumza kwa muda mrefu. Mtaalamu ni mama wa makamo, mpole, ambaye baada ya kuniitikia shikamoo aliniita mwanangu hadi mwisho, na maswali yake ya kwanza yalihusu usingizi, dawa ninazotumia, uchovu, na kama jicho langu lililowahi kuugua linaona vizuri, kwani MS mara nyingi hugusa neva ya jicho na mtu asiyeona vizuri karatasi anaweza kuonekana mzito wa akili bure. Kisha tukaingia kwenye hojaji ya sonona yenye maswali tisa, yanayohusu majuma mawili yaliyotangulia, na swali la tisa huuliza kama mtu amewahi kuwaza kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Hakulisoma swali hilo kwa haraka ili tulipite. Aliniangalia, akasubiri, na nilipojibu kwamba wazo hilo limewahi kupita, aliweka kalamu chini tukalizungumza kwanza. Kwa maoni yangu, hata kama huduma ingeishia hapo, ningelipa bila kinyongo.

Alinieleza kwa nini anaanza na sonona. Karibu nusu ya watu wenye MS huipata wakati fulani maishani, na sonona yenyewe hupunguza umakini na kasi ya kufikiri. Isitoshe, imeonekana mara nyingi kwamba kiasi ambacho mgonjwa hulalamika kuhusu kusahau kinaendana zaidi na hali ya moyo wake kuliko na alama zake kwenye vipimo. Wapo wanaolalamika sana kisha vipimo vikaonesha kumbukumbu yao iko sawa, na hao hupata faraja pamoja na dalili ya mahali pa kuanzia tiba. Na wapo wasiolalamika kabisa ilhali ndugu zao wanaona wazi kwamba mambo yamebadilika. Bila kupima, wote wawili wataendelea kubahatisha.

Vipimo vyenyewe havina sindano wala mashine. Kilichonigusa zaidi ni kile cha alama na tarakimu, kilichotungwa na Aaron Smith na kuchapishwa mwaka 1973, ambacho leo ndicho kinachopendekezwa zaidi kwa kuwachunguza wenye MS, angalau mara moja kwa mwaka. Juu ya karatasi pana alama tisa, kila moja ikiwa na tarakimu yake kuanzia 1 hadi 9, na chini yake pana mistari ya alama hizo zilizochanganywa, nawe unatakiwa kutaja tarakimu ya kila alama kwa mfululizo, upesi uwezavyo, kwa sekunde 90. Unaweza kuitaja kwa mdomo badala ya kuandika, ili mkono ulioishiwa nguvu usikuponze. Sekunde zile ni chache, lakini ukiwa ndani yake unaisikia akili yako ikifanya kazi: jicho linapanda juu kutafuta, linashuka, linapanda tena kuitafuta alama uliyoitafuta muda mfupi uliopita. Nilitoka jasho ndani ya chumba chenye baridi.

Kilifuata kipimo cha orodha ya maneno kumi na sita ya Kiswahili, vitu vya kawaida vya sokoni na nyumbani, yanayosomwa mara tano na kila mara unataja uliyoyakumbuka. Kisha michoro sita unayooneshwa kwa sekunde kumi na kutakiwa kuichora bila kuitazama. Vipimo vya aina hizi tatu ndivyo vilivyounganishwa mwaka 2012 na kamati ya wataalamu wa kimataifa wakiongozwa na Dawn Langdon wa Uingereza, wakavipa jina la BICAMS, kwa nia ya kupata upimaji wa dakika kama 15 unaoweza kufanyika hata mahali pasipo na mabingwa wengi. Mtaalamu wangu aliongeza vingine, ikiwamo kurudi kwenye maneno yale baada ya muda kuona yapi yamebaki, na kati ya kipimo na kipimo alinipumzisha na kunipa maji. Sikuharakishwa hata mara moja, nami nalitaja hilo kwa sababu vituo vingi nilivyopitia katika safari ya ugonjwa huu vilinihudumia kana kwamba nimewachelewesha.

Sasa nije kwenye kikao cha majibu, ambacho kwangu ndicho roho ya huduma hii, na ambacho naambiwa sehemu nyingine hakipo, kwa kuwa mgonjwa hupewa karatasi ya alama akaondoka nayo. Kikao hicho kilipangwa siku nyingine, na niliulizwa nani ningependa awepo. Nilikwenda na mume wangu pamoja na mama mkwe. Mtaalamu alianza na yaliyo mazima: msamiati, uelewa wa mazungumzo, uwezo wa kupima hoja na kuamua, vyote vilikuwa katika kiwango cha watu wa umri na elimu yangu. Kisha akasema bila kuficha kwamba kasi yangu ya kuchakata mambo imepungua, na akatuonesha karatasi ya alama na tarakimu. Nilikuwa nimejibu nafasi chache kuliko inavyotarajiwa, lakini katika zile nilizojibu hapakuwa na kosa hata moja. Kwenye maneno, mara za mwanzo nilishika machache, mara ya nne na ya tano nikawa nimewakaribia wengine, na yale niliyoyashika yalibaki hata baada ya muda kupita. Alitufafanulia kwamba hali yangu ni kama gari linalopita barabara ya vumbi, ambalo mzigo wake hufika salama ila kwa mwendo wa pole, na likilazimishwa kwenda mbio ndipo mzigo humwagika.

Mume wangu aliishika karatasi ile akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe hukosei, mama Mwanaidi. Unachelewa tu." Mama mkwe naye akauliza, "Kwa hiyo, mama, mwanangu si kwamba hataki?" Akajibiwa kwamba anataka, tena anajitahidi kuliko mtu mzima wa afya, na kwamba jitihada hiyo ndiyo inayomchosha ifikapo jioni. Sijui niseme nini kuhusu nilivyojisikia wakati ule, ila kwamba nililia, na kilio kile hakikuwa cha huzuni. Hofu niliyoibeba usiku baada ya usiku, ya kwamba nimemdhuru mteja, ilikuwa imekutana na ushahidi. Lawama nilizokuwa nimejitwika zilikuwa zimerudishwa kwa mwenyewe, yaani ugonjwa. Na ukimya wa mume wangu, kama alivyokuja kuniambia baadaye, ulikuwa ni wa mtu asiyejua la kusema.

Kwamba kuelezwa vizuri majibu ya kipimo cha saikolojia kunaweza kuwa sehemu ya tiba si hisia yangu pekee. Mwaka 1992, Stephen Finn na Mary Tonsager wa Marekani walionesha kwamba wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakisubiri ushauri nasaha, wakielezwa majibu ya kipimo chao cha haiba kwa mazungumzo ya heshima, dhiki yao ilipungua na kujithamini kwao kuliongezeka kuliko wenzao ambao hawakupewa maelezo hayo. Wale hawakuwa wagonjwa wa MS, na kipimo chao kilikuwa cha aina nyingine, lakini nilipousikia mfano huo nilielewa ni kwa nini mtaalamu wangu alitenga muda mrefu wa maelezo kuliko wa vipimo. Mtu mwenye ugonjwa usiotabirika anapojua kwa hakika kipi kimepungua na kipi kimebaki, hupata mahali pa kukanyaga, hata kama habari yenyewe si njema yote.

Faida nyingine zilikuja polepole na ni za kila siku. Niliandikiwa barua kwa mwajiri, ambayo niliisoma kwanza na kuondoa sentensi moja niliyoona inasema zaidi ya inavyohitajika. Mtaalamu alikubali bila ubishi, akisema taarifa ni mali yangu na hakuna atakayeipata nisipotaka. Barua ilipendekeza nihudumie asubuhi, nishughulikie cheti kimoja hadi mwisho kabla ya kupokea kingine, na simu ipokelewe na mwenzangu. Mwajiri alikubali, na tangu hapo sijasikia tena neno la uzembe. Nyumbani, watoto wamefundishwa wasinieleze mambo mawili kwa pamoja, na mume wangu ameacha kunimalizia sentensi, jambo lililokuwa likiniudhi kuliko nilivyoweza kukiri. Sonona nayo ilianza kutibiwa, na usingizi ulipotulia hata kichwa kikawa chepesi kidogo, kama nilivyoahidiwa kwamba huenda itakuwa.

Upungufu wa huduma upo, na mtu anayetaka kwenda anapaswa kuujua. Kwanza ni viwango vya kulinganishia. Mtaalamu mwenyewe alikiri kwamba viwango alivyotumia vimetokana na watu wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo alisoma alama zangu kwa tahadhari, akizingatia kiwango changu cha elimu na ukweli kwamba wengi wetu hatukuzoea mitihani ya kushindana na saa. Nilimheshimu kwa ukweli huo, ila mtu aliyeishia darasa la saba, au asiyesoma kabisa, asikubali kuambiwa ana upungufu kwa alama ghafi, yaani idadi tu ya alizopata, peke yake. Pili ni gharama. Ada ya vikao vyote ilikaribia nusu ya mshahara wangu wa mwezi, na bima niliyonayo haikuchangia. Kliniki iliniruhusu kulipa kwa awamu, lakini ilibidi niombe. Tatu, ripoti kamili iliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya madaktari, na muhtasari wa Kiswahili niliupata baada ya kuudai. Ripoti inayohusu akili ya mtu ingefaa ianze kwa lugha anayoisoma yeye na jamaa zake.

Nne, na hili linaniuma zaidi, baada ya kupimwa hakuna mafunzo ya kutosha ya kuimarisha kumbukumbu hapa mjini. Njia zipo. Mwaka 2013 watafiti wa Kessler Foundation, taasisi ya utafiti iliyoko New Jersey, Marekani, walichapisha majaribio yaliyohusisha wagonjwa 86 wa MS, ambamo waliofundishwa kwa vikao kumi kugeuza mambo ya kukumbuka kuwa hadithi na picha za kichwani walijifunza vizuri zaidi kuliko wengine. Vikao kumi si mzigo mkubwa, na mbinu yenyewe haihitaji chombo cha gharama. Mtaalamu alinifundisha kidogo kwa hisani yake, nami naomba kliniki ile iifanye kuwa huduma rasmi, kwa sababu kumwambia mtu udhaifu wake na kumwachia hapo ni kazi iliyokatwa katikati.

Kwa atakayeamua kwenda, asiende akiwa katikati ya shambulio la ugonjwa wala mara tu baada ya dozi kubwa ya steroidi, dawa inayotumika kutuliza shambulio hilo. Asubiri hali itulie, la sivyo atapimwa siku mbaya na kudhani ndiyo hali yake. Abebe miwani, ale asubuhi, aandike dawa zote anazotumia, na achukue ndugu anayemwamini kwa kikao cha majibu. Aliyegundulika karibuni na anayejiona hana tatizo lolote ndiye ninayemsihi zaidi aende, kwa kuwa majibu ya leo ndiyo yatakayolinganishwa na ya miaka ijayo, na kwenye kipimo cha alama na tarakimu tofauti ya majibu sahihi kama manne huhesabiwa kuwa mabadiliko ya kutiliwa maanani, jambo lisiloweza kujulikana kama hakuna pa kuanzia. Anaporudi mwaka unaofuata, aulize kama kliniki inalo toleo la pili la vipimo, kwani ukipewa karatasi ileile na orodha ileile ya maneno, baadhi ya alama zako zitakuwa zimetokana na mazoea tu.